Mnaoanza semi njia ya Tunduma, jueni uzito kabla ya mlima

Wadogo zangu mliokuwa matingo, wasaidizi wa dereva, na juzi juzi mmepata leseni ya daraja E, ya magari makubwa, mi nipo Uyole hapa Mbeya na njia ya Tunduma Dar nimeipiga miaka mingi, leo nataka niwaambie habari ya ekseli, zile shafti zinazobeba tairi, maana naona wengi mnajua uzito mwisho tani 56 basi mnaona mmemaliza.

56 ndo juu kabisa kwenye ile sheria ya Afrika Mashariki ya 2016, ila sio kila gari inafika huko. Hosi, yaani kichwa cha semi, ya difu mbili (ekseli mbili za nyuma zinazosukuma gari) ikivuta tela la ekseli tatu hesabu yake ni tani 8 mbele, 18 kwenye difu, 24 kwenye tela, jumla 50, na hapo chuma cha gari lenyewe kimo ndani. Mizani haisomi jumla peke yake, inasoma kila kundi la ekseli.

Mwaka wangu wa kwanza nilipakia mchele Mbeya naenda Dar, jumla ilikuwa sawa kabisa, nikafika mizani ya Makambako tela limezidi, kumbe vijana walirundika magunia nyuma na mimi wakati wanapakia nimelala kwenye kebini. Nikatafuta kuli, tukashusha tukapanga upya, siku nzima ikaisha pale, na bosi hela ya kuli akaikata kwangu. Toka siku hiyo mzigo ukipandishwa nasimama pale pale, hata mvua inyeshe.

Na msidhani ni faini tu. Uzito huo huo ndo unakusukuma ukishuka Kitonga kwenda Ruaha Mbuyuni, au Iwambi kwenda Mbalizi ambako chini watu wamejaa, bodaboda, wamama wa ndizi, watoto wametoka shule. Breki ikichemka haishiki, hata uikanyage kwa miguu miwili. Kwahiyo gia chagua ukiwa juu, kabla mlima haujaanza, nzito kabisa, yaani namba ndogo, washa na breki ya injini ushuke nayo mdogomdogo, breki ya mguu iguse kidogo uachie. Ukingoja mpaka gari limeshika kasi gia nyepesi haitoki tena kwenda nzito, inabaki fri, gari halina gia, na fri pale Kitonga mdogo wangu ni kifo, nimeona tela zikiwa korongoni na mzigo umetapakaa. Mtu wa nyuma akipiga honi mwache apige. Ofisi ikipiga simu kuuliza mbona unachelewa usipokee, utawapigia ukifika chini.

Kingine, gari likikufia kwenye kona weka pembetatu mbali, gari kubwa linalokuja likuone mapema. Matawi tunaweka wote sawa, ila yale mawe ya kuzuia tairi usiyaache barabarani, yaondoe ukishawasha gari na hendibreki imeshika, kabla hujaondoka, usiku kuna mwenzako anapita hapo na pikipiki.