Kabla hujapiga picha, kaa ubangue korosho

Safari yangu ya kwanza Newala ilikuwa Novemba, msimu wa korosho. Nyuma ya nyumba moja nikakuta akina mama wanabangua, moshi wa kukaangia bado haujatulia. Vidole vya bibi mmoja vilikuwa vyeusi tii. Nikainua kamera, nikapiga. Akaificha mikono ndani ya kanga.

"Mwanangu, hata shikamoo?"

Niliona aibu. Nikamwamkia, nikaomba radhi, nikapewa mkeka na kijiti cha kugongea. Kwanza akanipaka majivu viganjani, maana ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Kisha akanionyesha: ishike kwa ubavu, gonga kidogo tu, punje itoke nzima, kwa sababu iliyovunjika bei yake hushuka. Nilivunja nyingi sana. Saa nzima baadaye vidole vyangu navyo vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi, ndipo nikaitazama tena ile picha. Nilikuwa nimepiga umaskini. Mbele yangu palikuwa na ufundi. Nikaifuta. Jioni bibi mwenyewe akaniambia, "Haya, sasa piga," akanyanyua punje nzima kwa vidole viwili.

Kwa hiyo nakusihi: siku ya kwanza kamera ilale kwenye begi. Amkia watu, kaa, uliza kazi unayoiona inafanywaje. Picha ya mtoto iombe kwa mzazi wake. Ukikataliwa, shukuru uendelee na safari.

Kwenye ngoma ya mapiko uwe makini zaidi. Kwa jadi ya Wamakonde, aliyevaa kinyago si fulani wa nyumba ya tatu tena; ni lipiko, amekuja na mizimu. Ndiyo maana huvalia faragha. Usimfuate huko na kamera. Waulize wazee, kisha mpige uwanjani anapocheza. Ya ndani ya jando na unyago yaache kabisa, hata ukipata upenyo.

Halafu rudisha picha. Si kwa simu tu, zisafishe. Mimi nilisafishia Mtwara mjini, nikapanda basi kurudi Newala. Bibi aliishika yake kwa kingo, akaitazama muda mrefu, kisha akauliza mbona jirani yake, anayebangua naye miaka yote, hayumo. Kesho yake asubuhi wakakaa wote wawili mkekani, kanga mpya, mikono juu ya magoti.