Kilo Moja na Nusu

Wiki iliyopita mliuliza: "Mkristo afanye nini anapoambiwa kazini alegeze imani kidogo ili mambo yaende?" Najua wengi watamtaja Danieli. Mimi sikutupwa kwenye tundu la simba. Nilipewa daftari, kalamu na mshahara kila Ijumaa.

Nilikuwa karani kwenye yadi ya vyuma chakavu huku Kariobangi, Nairobi. Mwenye yadi ni mzee wa kanisa, mtu mtaratibu, hajawahi kunitolea neno chafu. Mnakumbuka mwaka 2022, baada ya milingoti ya umeme kuharibiwa, serikali ilipopiga marufuku biashara hii kuanzia Januari hadi Mei? Miezi hiyo nilikaa nyumbani, kodi ikalimbikizana, binti yangu akarudishwa kwa sababu ya karo. Yadi ilipofunguliwa, mzee akaniita na kuniweka kwenye mizani.

Ilikuwa mizani ya jukwaa, uso wake mviringo kama saa. Penye sifuri palibandikwa mkanda mweusi, nikadhani kioo kimepasuka. Siku moja nikipangusa vumbi mkanda ukabanduka. Jukwaa lilikuwa tupu, na mshale ulikuwa umelala chini ya sifuri, kilo moja na nusu kamili. Nikaubandika tena.

Asiyeijua kazi hii atasema kilo moja na nusu ni kitu gani. Mwenye mkokoteni wa kilo 200 hasikii chochote. Lakini wateja wetu wengi ni vijana wa gunia, wanaozunguka mitaani tangu alfajiri wakiokota misumari, vifuniko na vyuma vya vitanda. Anayeleta kilo tatu analipwa moja na nusu. Mizani ile ilimla zaidi aliyekuwa na kidogo. Tulinunua kilo kwa shilingi 30, kwa hiyo kila aliyepimiwa aliacha 45 pale, na kwa siku tulipima watu hamsini, hata sitini.

Nilinyamaza miezi saba.

Tena nilijitetea kwa Maandiko, maana Mkristo akitaka kisingizio hakosi mstari. Wangu ulikuwa Naamani, jemadari wa Shamu katika 2 Wafalme 5, anayemweleza nabii Elisha kwamba bwana wake huegemea mkono wake akienda kuabudu katika nyumba ya mungu wao Rimoni, naye hana budi kuinama. Elisha anamwambia aende kwa amani. Basi nikasema na mimi naegemewa tu. Ilinichukua muda kuona kwamba Naamani aliinamisha mgongo wake mwenyewe, hakumpunja mtu. Na angalau yeye alisema! Mithali 11:1, ile ya mizani ya hadaa, niliiruka hata siku ilipokuwa zamu yangu kusoma kwenye ushirika wa nyumbani.

Kisha akaja kijana wa miaka kama 14. Akamwaga gunia, na kati ya vyuma vyake mlikuwa na jiwe la mizani la zamani, lile la kupimia dukani, limeandikwa 10 KG kwa herufi zilizoinuka. Akaliweka jukwaani peke yake. Mshale ukasimama kwenye nane na nusu. Akalitazama jiwe, akautazama mshale, akacheka: "Mathe, hata hii imekonda?"

Angenitukana, pengine ningeitetea yadi. Nikaandika 10. Aliyefuata nikamwongezea kilo moja na nusu, na aliyemfuata, mpaka jioni.

Wakati wa hesabu mzee akafungua daftari. "Mama Njeri, leo umechoka?" Nikamwambia. Hakukasirika. "Yadi zote hapa zinapima hivi. Nikipima sawa, wewe nitakulipa na nini?" Na sidhani alikuwa akinidanganya. Nikamwomba anihamishie kwenye kuchambua shaba na alumini, akasema huko kumejaa. Ijumaa nikachukua changu nikaondoka. Kwa maofisa wa vipimo sikwenda, na atakayenilaumu kwa hilo ana haki. Mchungaji alisema tumwombee mzee, nasi tukamwombea. Ningefurahi kama kuna mtu angeuliza habari za kodi.

Sasa nina kibanda cha chai na chapati karibu na steji. Sitawaambia kwamba madirisha ya mbinguni yalifunguka. Napata kidogo kuliko pale yadi, na binti alihamia shule ya kutwa. Zakayo mtoza ushuru aliahidi kuwarudishia aliowapunja mara nne, mimi wale vijana hata majina yao siyajui.

Mmoja tu ndiye ninayemwona, yule wa jiwe. Hupita asubuhi na gunia lake, anaagiza chai na chapati moja, nami namwekea mbili. Juzi akaniuliza, "Mathe, hii ya pili ni ya nini?"

Nikamwambia ni ya jana, ilibaki. Ilikuwa bado inatoa moshi.