Panya wa kihengeni na panya wa maabara
Dada wa Uyole, umeuliza kwa nini wataalamu wachunguze kuhara kwetu kwa kutumia panya, ilhali panya wa kihengeni kwako anakula kila uchafu na haharishi. Umegusa penyewe. Bakteria wa tumboni mwake wameshajaza nafasi, E. koli ya binadamu (bakteria wa utumbo, baadhi yao huleta kuhara) ikiingia haipati pa kukaa. Ndiyo maana watafiti humpa kwanza streptomaisini, dawa ya kuua bakteria, ifagie wale wenyeji, kisha humnywesha salmonela, bakteria mwingine wa kuharisha. Siku moja au mbili tu ukuta wa utumbo mpana umevimba, chembe nyeupe za damu zimejazana.

Njia ninayoipenda zaidi ni Citrobacter rodentium, bakteria wa panya wenyewe. Hujigandisha ukutani mwa utumbo na kufyeka vile vinyweleo vidogo mno vinavyofyonza maji na chakula, sawasawa na E. koli fulani zinavyofanya kwa watoto wetu.

Ila si kila kitu panya anaweza kutuonyesha: hatapiki, na taifodi ya binadamu haimshiki kirahisi. (Streptomaisini ya ng'ombe usimtilie huyo wako, tafadhali! Wa maabara ni ukoo mwingine, wamezalishwa humo humo.)