Kupitia Dubai hakukumwepusha na karantini ya korona

Dada, pole na hekaheka za safari. Juni 2021, wakati wa korona, uliuliza kama mdogo wako mwenye viza ya masomo, akitoka Nairobi na kubadilisha ndege Dubai, angekwepa hoteli ya karantini Uingereza. Hangekwepa, na nilikusihi usilipie tiketi hiyo. Kilichohesabiwa wakati huo ni nchi zote alizokuwamo siku 10 kabla ya kufika. Kenya ilikuwamo kwenye orodha nyekundu (nchi ambazo abiria wake walilazimika kukaa karantini hotelini) tangu Aprili 9, 2021, na Juni hiyo Falme za Kiarabu, iliko Dubai, nazo zilikuwamo. Angedanganya kwenye fomu ya abiria angeweza kufungwa hadi miaka 10.

Hoteli ilikuwa pauni 1,750 kwa mtu mzima, na nafasi iliwekwa kabla ya safari. Chumba, chakula, usafiri kutoka uwanjani na vipimo vya korona vya siku ya 2 na ya 8 vyote vilikuwamo humo. Bei iliuma, najua, ila hakukuwa na njia ya mkato.

Nguvu zenu mlipaswa kuziweka kwenye cheti cha kipimo cha korona. Sampuli ilipaswa kuchukuliwa ndani ya siku 3 kabla ya kuondoka, na yeye kukisoma cheti palepale maabara: jina herufi kwa herufi kama kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya sampuli, aina ya kipimo, mawasiliano ya maabara. Kama pasipoti ilisema Mohammed na cheti Mohamed, hakupaswa kuondoka hapo mpaka wamrekebishie. Alipaswa kubeba nakala ya karatasi pia, simu huzima chaji.

Orodha ilikuwa ikibadilika ghafla, kwa hiyo alipaswa kuangalia tovuti ya serikali ya Uingereza tena usiku wa kuondoka.