Chakula cha punje kwa mbuna: soma viungo kabla ya asilimia ya protini

Waalaykumu salaam kaka. Umesema una tangi la lita 240 hapo Mwanakwerekwe, mbuna mchanganyiko, wale samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, na samaki oscar mmoja, na dukani umewekewa paketi mbili: moja protini asilimia 48, nyingine 36. Muuzaji anakusukumia ya 48 kwa kuwa "ina nguvu". Nafuga mbuna hapa Unguja miaka mingi sasa, na ushauri wangu ni huu: hiyo namba iache kwanza, geuza paketi usome viungo.

Viungo huandikwa kwa uzito, kinachozidi kinatangulia. Kwa mbuna nataka spirulina au mwani mwingine uwe miongoni mwa vitatu vya mwanzo, na samaki au kamba watajwe kwa majina yao. Ukikuta ngano ndiyo inaongoza, soya inafuata, halafu spirulina iko mwishoni kabisa karibu na rangi, ujue hiyo kijani ya kwenye picha ni pambo tu. Protini peke yake haikwambii inatoka wapi. Spirulina yenyewe ina protini karibu asilimia 60 au zaidi, na haiwadhuru. Ninachokiogopa mimi ni mafuta ya wanyama wa nchi kavu, kama ng'ombe na kuku. Paketi yenye hayo usiipeleke nyumbani, hata wakikupa bure.

Sababu iko kwenye utumbo. Kule Ziwa Nyasa, upande wetu wa Liuli na Mbamba Bay, mbuna wengi hushinda kutwa wakikwangua ukoga, yaani mwani ulioganda kwenye miamba. Mtazame Labeotropheus fuelleborni kwa karibu: pua imetokeza mbele, mdomo uko chini yake, anakwangua huku mwili umelala sambamba na jiwe. Samaki wa namna hiyo ana utumbo mrefu, uliozoea chakula chepesi kidogo kidogo siku nzima. Ukimpa vizito kila siku, ndipo unapoanza ugonjwa wa kuvimba tumbo: anachukua punje anaitema, choo kinatoka cheupe kama uzi, anajitenga pembeni, kisha tumbo linajaa. Maji machafu na kuonewa na wenzake huchangia pia, lakini chakula ndicho kilicho mkononi mwako.

Wale wa njano uliowataja, Labidochromis caeruleus, kwa asili hudonoa vijidudu, kwa hiyo wao wanahimili protini ya wanyama zaidi. Ila wakikaa na wala ukoga, lisha kwa kumfuata mla ukoga. Wa njano hatadhurika.

Oscar mtoe. Huyo ni wa Amazon, anafika sentimita 30, mbuna wadogo atawameza, na punje zinazomfaa yeye ndizo zinazowaumiza wenziwe.

Kuna watakaokwambia ununue chakula cha sato wa bwawani kwa kuwa ni rahisi. Sato na mbuna ni ukoo mmoja, kweli. Lakini chakula kile kinatengenezwa samaki aongeze uzito upesi avuliwe, na sisi tunataka samaki aishi miaka. Dagaa wa kusaga nao waache: dagaa wetu huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa.

Sasa jambo ambalo huku kwetu ni kubwa kuliko hata jina la kampuni: joto na unyevunyevu. Mafuta ya kwenye punje yanachacha, vitamini C inapotea, na wakati wa masika kuvu huingia upesi. Chakula cha kupimiwa kutoka kwenye ndoo iliyo wazi sinunui kabisa. Chukua paketi ndogo iliyofungwa, angalia tarehe, ukifika nyumbani igawe: ya wiki hizi kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana, iliyobaki kwenye friji. Punje isiyoharibika ina harufu ya samaki au ya mwani. Ikikupiga puani kama mafuta ya kukaangia yaliyokaa sana, mwaga.

Ukishanunua, tia punje chache kwenye glasi ya maji, usubiri dakika 10. Zikimeguka na maji yakawa meupe, zitakuchafulia tangi. Zikivimba sana, ziloweke kidogo kabla ya kulisha. Kwa mbuna wakubwa milimita 1 hadi 2 inatosha, na mimi napendelea zinazozama polepole, maana wale wanyonge wasiothubutu kupanda juu nao hupata.

Lisha mara mbili kwa siku, kiasi cha kumalizika ndani ya dakika 2, na siku moja kwa wiki usiwape kitu. Watakuja kwenye kioo kukuomba, na utawahurumia, lakini usiwape.

Tuma picha ya mgongo wa paketi zote mbili, viungo vionekane vizuri, nikwambie ipi ninayoiamini. Na kama kuna yeyote tangini ameshaanza kutema punje, usisubiri jibu langu, simamisha chakula leo na ubadilishe sehemu ya maji.