Unataka Kumwokoa, au Unamtaka?

Mwanangu wa Tanga, barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta kosa la mumeo, sikuliona. Pole kwa upweke, huo nauamini. Mengine tutaambizana ukweli.

Unasema mna miaka minane ya ndoa na watoto wawili, na mumeo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mezani hana neno ila bei ya saruji na mabati. Akilala, unasoma kwenye simu riwaya za mapenzi za Uingereza ya kale: lodi, yaani bwana mwenye cheo na mashamba, mlevi, mcheza kamari, kiwembe aliyeshindikana, anapendwa na binti mwenye moyo safi, anakuwa mtu. Halafu yupo mwenzako wa kazini. Anakunywa, wake wawili wamemkimbia, na anakwambia ni wewe tu unayemwelewa. Unauliza kama upendo wa kweli unaweza kumbadilisha mtu wa namna hiyo, na unaapa ni huruma tu.

Huruma gani inayojibu ujumbe saa tano usiku? Macho yake umeyaeleza mistari sita. Mumeo hata kama ana ndevu sijui. Na hao wake wawili, hukujiuliza waliona nini. Umeshaamua kwamba hawakujua kupenda. Mimi nawaamini wao.

Riwaya sikukatazi, nami ninazisoma. Ila wewe unazisoma nusu. Chukua Jane Eyre ya Charlotte Brontë, ya mwaka 1847. Siku ya harusi Jane anagundua kwamba Bwana Rochester ana mke hai, kafungiwa juu ghorofani. Bwana analia, anasihi, anasema bila Jane atapotea. Jane hakubaki kumbembeleza. Aliondoka alfajiri, akaishia kulala nje na njaa yake. Siku anarudi, nyumba imeungua, mke amekufa, Rochester amepoteza mkono na macho baada ya kupanda kumtoa mkewe motoni, na toba ameianza peke yake. Jane aliondoka kwa sababu palikuwa na ndoa. Katika hadithi yako mwenye ndoa ni wewe.

Ukitaka ya kweli, isiyotungwa, yupo Lord Byron, mshairi ambaye viwembe wengi wa riwaya wamechukua sura yake. Annabella Milbanke, binti mcha Mungu na hodari wa hisabati, aliamini atamnyoosha. Walioana Januari 1815. Januari 1816 alimbeba mtoto wa wiki tano akarudi kwa wazazi wake, na mwaka huohuo wakatengana kisheria. Huyo alikuwa mke wa halali! Sikio la kufa halisikii dawa, na wewe si mganga wake.

Ndoa za siku hizi zina ugonjwa huu. Mume anayelala nyumbani na kulipa ada kabla hajakumbushwa, eti hana mvuto. Mlevi anayelia, huyo ana moyo. Bibi zetu walimwomba Mungu mume asiye na visa. Riwaya hizo nyingi huishia harusini kwa sababu kinachofuata ni bei ya saruji: lodi akishatubu anakaa kwake, anahesabu kodi za mashamba, anazeeka. Huyo unaye tayari, na hakuhitaji kukuliza kwanza ndipo awe mtu. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Tena, hujaniambia kama umewahi kumuuliza kwa nini bei hizo hazimtoki mdomoni. Mtu wa namna hiyo ama biashara inayumba na anaona aibu kusema, ama nyumbani hakuna anayemuuliza jambo jingine. Muulize, na simu iwe chumba kingine.

Na huyo mgonjwa wako, kama kweli shida yako ni pombe yake, mweleze mumeo habari zake zote, mwende mkamwone pamoja, na ndugu zake wawepo. Ukiona hilo haliwezekani, basi unajua kwa nini. Ujumbe wake wa leo usiku usiujibu.