Usukani wa Mashine Ukiganda: Kwa Vijana Mnaoanza Kazi ya Boti Lamu

Wengi wenu mmekulia kwenye mashua ya tanga, na huko usukani ni ubao uliotundikwa tezi, yaani nyuma ya chombo. Ukiwa na kasoro unaiona kwa macho. Kwenye boti ya faiba ubao huo haupo. Mashine yenyewe ndiyo usukani: inageuka pamoja na rafadha yake, na boti inafuata. Ikikataa kugeuka huna pa kushika, hata injini iwe inanguruma vizuri namna gani. Naanzia hapa kwa sababu naona vijana wanasafisha kabureta na kubadilisha plagi, wanasema mashine iko tayari, na kumbe shingo yake haijaonja grisi tangu inunuliwe.

Mimi nilifundishwa na Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara. Nilikuwa natoka Mtangawanda, gati la kisiwa cha Pate, na abiria saba, maji yanapwa. Wakati wa kung'oa nanga niliuhisi usukani mzito. Nikauzungusha kwa nguvu mara mbili tatu, ukalegea kidogo, nikaondoka. Tulipoingia Mkanda, pale mikoko ya pande mbili inapokaribiana, nilikata kushoto ukakubali. Nilipotaka kuurudisha, ukagoma. Nikautilia mikono miwili na uzito wa mwili wote. Kitu kikalia "ta!" nyuma ya gurudumu, gurudumu likawa jepesi ghafla, na boti ikaendelea kushoto vilevile mpaka kwenye mizizi ya mikoko. Nilikuwa nimeshapunguza mwendo, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Lakini maji yalituacha juu ya tope, na mama mmoja alikuwa na mtoto mchanga. Tulikaa pale na mbu mpaka maji yalipojaa, usiku umeshaingia. Kilichovunjika yalikuwa meno ya gia ya gurudumu. Kilichoganda kilikuwa kwingine kabisa, na kingelainika kwa grisi ya kujaza kijiko.

Kwa hiyo la kwanza ninalowaomba: usukani ukiwa mzito, usiushinde nguvu. Uzito ule ni habari unaletewa mkononi. Ipokee ungali gatini.

La pili, jueni kinachoganda ni kipi kabla ya kushika nyundo. Kwenye boti ya gurudumu na kebo, ukizungusha gurudumu, kebo inasukuma au kuvuta fimbo ya stenlesi. Fimbo hiyo inapita ndani ya bomba lililolala kwenye tezi, lile lile ambalo mashine huzungukia ikiinuliwa juu. Mwisho wa fimbo kuna kiungo kinachoshika mkono wa mashine. Basi pa kuganda ni pahali patatu: fimbo ndani ya bomba, kebo yenyewe kwa ndani, au shingo ya mashine, yaani mhimili wa wima unaoiwezesha kugeuka huku na huku.

Fungua kile kiungo. Ni nati moja tu. Kisha shika mashine kwa mikono uigeuze. Ikigeuka laini, shingo ni nzima na ugonjwa uko kwenye fimbo au kebo. Ikikataa, acha kebo ya watu, shida ni shingo. Kazi hii ni ya dakika chache, na nimeona watu wakinunua kebo mpya Mombasa, wakaifunga, wakakuta usukani mzito kama jana.

Wenye mashine za mkono, yaani zinazoongozwa kwa mkono wake bila gurudumu, zile za nguvu za farasi 15 na 25 ambazo wavuvi wengi wanatumia, nyinyi hamna kebo. Kwenu ni shingo tu. Lakini kabla ya kuhukumu, tazameni kile kikaza msuguano cha usukani. Mara nyingine mtu amekikaza ili apumzishe mkono njiani, akasahau, na anayefuata anadhani mashine imeganda.

Tuseme ni fimbo. Hii ndiyo inayotokea sana, na ndiyo watu wanaiharibu sana. Grisi ya zamani imekauka, chumvi imeingia, kutu imejaza nafasi ile ndogo kati ya fimbo na bomba. Fungua ile nati kubwa inayoshika kebo kwenye mdomo wa bomba. Mimina mafuta ya kulegeza kutu pande zote mbili na uyaache yalale usiku kucha. Msiwe na haraka hapa. Asubuhi jaribu kuizungusha fimbo kwa spana badala ya kuisukuma. Ikikubali kuzunguka hata unywele mmoja, umeshashinda, kwa sababu kule kuzunguka ndiko kunakokata mshiko wa kutu. Baada ya hapo ndipo ugonge, taratibu, kwa kipande cha mti mgumu katikati ya nyundo na fimbo. Rudisha nati ya zamani kwenye nyuzi za fimbo kabla ya kugonga. Ukigonga chuma kwa chuma, mdomo wa fimbo unapanuka kama uyoga, na hautapita tena kwenye bomba hata kutu yote ikiondoka. Nimewahi kuikata fimbo ya namna hiyo kwa msumeno, na mwenye boti akanunua kebo nzima kwa kosa la pigo tatu za nyundo.

Ikizidi kugoma, bomba litiwe joto. Toa tangi na mpira wa petroli kwanza, peleka mbali, na ufanye kazi mahali penye upepo. Anza na maji ya moto ya birika. Ukitumia moto wa gesi, uwe unatembea, usitulie mahali pamoja. Alumini iliyo karibu haiwi nyekundu kukuonya kama chuma. Inayeyuka kwenye nyuzijoto 660 hivi, na rangi yake ni ile ile.

Fimbo ikitoka, sugua bomba kwa ndani kwa msasa laini uliozungushwa kwenye kijiti, futa mpaka kitambaa kitoke safi. Fimbo yenyewe ikiwa laini, ipake grisi uirudishe. Ikiwa imeliwa mashimo-mashimo, haifai, itaganda tena. Na kama fimbo iko huru lakini gurudumu bado zito, kebo imeoza ndani. Kebo haifunguliwi wala haitiwi grisi kwa ndani, inabadilishwa. Soma urefu ulioandikwa kwenye ganda lake kabla ya kuagiza.

Shingo nayo ina nipeli zake, yaani vichuchu vya kuingizia grisi. Mara nyingi zimeziba. Zifungue, zioshe kwa petroli, zizibue kwa waya, au weka mpya. Kisha sukuma grisi kwa pampu yake huku mwenzako ameshika mguu wa chini wa mashine akiupeleka huku na huku, kidogo kidogo. Msitumie mkono wa kuendeshea kama mtaimbo, utavunjika kwenye shina. Mtaona kinachotoka: kwanza kitu cha kahawia kigumu kama halua iliyosahaulika kwenye kikapu, pengine na unga mweupe, ambao ni alumini iliyoliwa na chumvi. Halafu yanatoka maji. Halafu grisi chafu, na mwisho grisi safi juu na chini. Kabla ya hiyo safi, kazi haijaisha. Nipeli ikikataa kabisa kupokea hata baada ya joto, mpeni fundi, kwa sababu hapo mashine inabidi ishushwe.

Wakati wa kurudisha kiungo, tumieni nati ya kujifunga, yenye pete ya nailoni ndani. Nati ya kawaida inalegezwa na mtetemo. Kiungo kikichomoka boti iko mbioni, mashine inajigeuza yenyewe na abiria wanarushwa majini. Kwa hili sina msamaha na mwanafunzi wangu yeyote.

Kuzuia ni kazi ndogo. Tumia grisi ya baharini isiyooshwa na maji. Mimi natia kila mwezi kwa boti inayofanya kazi kila siku. Futa ya zamani kwanza, hasa mkiwa mnaegesha ufukweni Shela, maana mchanga unanasa kwenye grisi na kuigeuza msasa. Kabla ya kusukuma grisi kwenye bomba, geuza mashine mpaka fimbo yote iingie ndani. Ukisukuma fimbo ikiwa nje, grisi inafungiwa mbele yake, haina pa kwenda, na usukani unakwama kwa mkono wako mwenyewe. Jioni muiache hivyo hivyo, fimbo ndani, isipigwe na chumvi usiku. Mwagia maji matamu kwenye shingo na kwenye fimbo. Najua maji yetu yanatoka chini ya mchanga wa Shela na hayamwagwi ovyo. Ndoo moja yatosha.

Na angalieni sana miezi ya kusi. Boti inayovuka kwenda Mokowe, gati la bara, mara sita kwa siku haigandi upesi. Inayoganda ni ile iliyofungwa kwa sababu bahari ni kali, mwenyewe yuko bara, na hakuna aliyeigusa tangu Juni. Ukisafiri, mwombe jirani wa gatini apande kila baada ya siku mbili tatu. Hana haja ya kuwasha. Ageuze mashine kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, aiache fimbo ndani, ashuke.